Mkurugenzi Chini ya Tuta

Inafurahisha kuwatangazia wananchi wote, wajuao kuogelea na wasiojua, kwamba bwawa la starehe la Mwenye Bwawa limetunukiwa cheti cha usalama kwa mwaka wa kumi na mbili mfululizo. Katika miaka yote hiyo halijawahi kumuua mtu yeyote anayetambulika kiofisi.

Ni bwawa dogo, lakini lina heshima zake. Lina boti nne za kukanyaga zenye shingo za bata, kibanda cha soda, na tuta la udongo refu kuliko nyumba mbili zilizobebana, lenye nyasi zinazokatwa kila Ijumaa. Nyuma ya tuta, upande wasiouona wateja, anaishi dobi aitwaye Mama Povu, pamoja na kaya saba za majirani zake.

Mama Povu hakusomea mabwawa. Alichosomea ni maji ya kusuuza. Chini ya tuta yalikuwa yakivuja maji kidogo kidogo, maangavu, na kwa hayo alisuuza mashuka ya nyumba ya wageni miaka nenda miaka rudi. Mwezi huu mashuka yakaanza kutoka na rangi ya chai. Akabadilisha sabuni. Akabadilisha beseni. Mwishowe akachota yale maji kwenye bilauri, akayaacha yatulie, na chini ukabaki udongo unene wa kidole. Akautazama udongo, akalitazama tuta. Udongo hauna miguu. Ukiongezeka huku, ujue umepungua kule.

Akaenda ofisi ya usalama wa mabwawa. Mkaguzi, kijana mwenye adabu na kalamu tatu mfukoni, alimweleza kwa upole kwamba ofisi husimamia maji yaliyomo bwawani. Yakishatoka, ni ya Idara ya Mito, na Idara ya Mito haishughuliki na kitu chembamba kuliko mita mbili. Tena, ukaguzi hufuata daraja la hatari, na daraja hutegemea kilichopo chini ya bwawa. Tuta likiwa bovu na chini hakuna kitu, hatari itatoka wapi?

Akamgeuzia faili. Fomu iliuliza: Chini ya bwawa kuna nini? Jibu lilikuwa: Hakuna.

"Mwanangu, mimi si nimesimama mbele yako?"

"Hapa ofisini upo, mama, sikatai. Kule chini ndiko haupo. Nyumba zenu ni za muda."

"Za muda gani? Nimezalia mle watoto watano."

"Muda mrefu," mkaguzi akakubali, na akaandika hivyo pembeni kwa penseli.

Mama Povu hakubishana. Kubishana na fomu ni kumpigia mbuzi gitaa. Aliuliza tu ni vitu gani vinavyohesabika, na mkaguzi akamsomea waraka: barabara ya lami, shule, makazi ya kaya nane zilizosajiliwa, au afisa wa ngazi ya mkurugenzi na kuendelea. Kimojawapo kikionekana chini, bwawa linapanda daraja la kwanza, na maji yanafunguliwa saa hiyo hiyo mpaka yabaki nusu. Waraka huo aliutunga mkurugenzi wa ofisi hiyo mwenyewe. Mama Povu akaomba asomewe tena pale mwisho.

Basi siku ya kukabidhi cheti, Mwenye Bwawa alikuwa akihangaika kutafuta mahali tambarare pa kusimika hema. Mama Povu, ambaye hajawahi kumwazima mtu hata kibanio cha nguo, alijitolea uwanja wake wa kuanikia. Aling'oa kamba, akafagia, na kiti cha mkurugenzi akakiweka kwa mikono yake, pale penye nyasi laini zaidi.

Hotuba ilikuwa nzuri. Ilipofika kwenye neno "uthabiti" viatu vya mkurugenzi vikaanza kuzama.

"Haya maji yanatoka wapi?"

Mkaguzi akatazama viatu, akatazama tuta, akatazama fomu mapajani, maana kila sherehe huhesabiwa kuwa ukaguzi. Mama Povu akamwinamia sikioni. "Jaza fomu, mwanangu. Chini kuna nini?" Kijana wa watu alikuwa mkweli, na huo ndio ugonjwa uliomnyima cheo. Akaandika: Mkurugenzi, mmoja. Akagonga muhuri, akapanda kufungua vali.

Maji yakaanza kushuka. Bata wanne wakakaa matopeni. Mkurugenzi akakusanya suruali yake na kuelekea garini.

"Samahani, mkuu," mkaguzi akamwambia, akishuka tutani. "Ukiondoka, chini hapatakuwa na kitu tena. Kwa mujibu wa waraka, vali inafungwa."

Juu ya tuta Mwenye Bwawa alikuwa ameshaushika usukani wa vali kwa mikono miwili, anangoja kuuona mgongo wa mkurugenzi.

"Na hawa watu je?"

"Hawapo, mkuu. Fomu umeisaini mwenyewe."

Mkurugenzi akapiga hesabu. Vali ikifungwa na tuta likapasuka, sahihi yake kwenye cheti, iliyosema salama, ilikuwa bado haijakauka wino. Akarudi kukaa. Majirani wakamletea godoro, kwa heshima zote.

Siku ya pili maji yalipopungua, upande wa ndani wa tuta likaonekana tundu ambalo mbuzi angeingia bila kuinama. Mkurugenzi alilitazama muda mrefu. Kisha akaomba daftari la usajili, akaanza kupita nyumba kwa nyumba, akiandika kaya moja moja kwa mwandiko mzuri, na kwa mara ya kwanza akawauliza watu majina yao. Saa nne kamili alikuwa na kaya saba; akipata ya nane tu, angeweza kwenda zake. Akafika kwa Mama Povu, akapiga hodi.

Mama Povu alikuwa amekaa kibarazani, mikono mapajani, hana hata nguo moja ya kufua.

"Nina kazi nyingi, mkuu," akasema. "Njoo kesho."