Deraya Yangu na Mikate ya Velika

Alhamisi, 10 Agosti
Mungu anisamehe, nina uchungu. Mkurugenzi Ralitsa katuita mimi na Velika langoni mwa ngome yetu ya makumbusho. Kasema baada ya Sikukuu ya Mama wa Mungu banda moja litafungwa, lile linalotembelewa na familia chache. Huku ananitazama mimi! Miaka yote hii nawavika watoto wa watu deraya ya pete za chuma, vazi la vita la kale, wajue babu zao walivyobeba uzito. Kaja Velika juzi tu na tanuri lake la udongo, watoto wakande unga "kama zamani", basi ngome nzima yanukia mkate na kwangu unapita upepo. Nami nimefunga hadi Sikukuu! Sigusi nyama, maziwa wala yai. Maharage tu, na mate yangu.

Velika kaniuliza mbele ya wageni, nikiwa nimevaa deraya, kama humo ndani mna mtu, au ni kopo tupu. Wakacheka. Nikacheka pia. Kwa meno.

Ijumaa, 11 Agosti
Nimepata! Katikati ya sala, ndipo mawazo mazuri hunijia. Mkate wa Velika mbona laini vile? Lazima una siagi. Ndani ya mfungo! Nimemwendea Padri Teofan, nikamwambia simsemi mtu, ila roho za watoto zinaniuma. Akakuna ndevu, akaahidi kuja kuonja Jumapili baada ya ibada. Nimewasha mshumaa. Mkubwa.

Jumamosi, 12 Agosti
Nimeipaka deraya ing'ae, Padri akija aone banda la heshima. Mafuta ya nguruwe, kama marehemu baba alivyopaka majembe yake. Hakuna kinachoshinda kutu kama hayo. Na kupaka si kula.

Jumapili, 13 Agosti
Asubuhi deraya iling'aa kama jua. Watoto wakaing'ang'ania, wakaishika, wakaivaa, kisha wote mbio kwa Velika kukanda. Hata asante hamna! Nikaivaa mwenyewe, nimngoje Padri.

Padri kaja. Kaonja mkate wao. Katafuna polepole, akafumba macho, akasema huu una nguruwe. Moyo wangu ukaruka! Nikasema, "Baba, si nilikwambia?" Velika akalia, akaapa kwa kaburi la mumewe kwamba ni unga, maji na chumvi. Maskini, nilikaribia kumhurumia. Padri akamshika mkono msichana mmoja, akaunusa. Akamuuliza kabla ya hapa alikuwa wapi. Mtoto akaninyooshea kidole. Nami nimesimama pale nang'aa kama kikaango!

Padri akanipitisha kidole kifuani. Akanusa. Akasema, "Stamen, mwanangu, umewafungulisha watoto wa parokia nzima." Velika akafuta machozi. "Kumbe kopo lina nyama!"

Jumanne, 15 Agosti. Sikukuu
Banda langu limefungwa. Deraya imetundikwa stoo. Mkurugenzi hakunifukuza, na huruma yake ndiyo inayochoma. Kanipa birika, beseni na sabuni, niwanawishe watoto kabla hawajaingia kwa Velika. Aproni yenyewe ina maua.

Padri kaniagiza nimwombe Velika radhi. Nimemwomba. Akanimegea mkate wa moto, akasema, "Kula, kaka Stamen, mfungo umekwisha. Yamepita hayo." Nikala. Mtamu, Mungu wangu, nusura nilie.

Lakini nikiwa natafuna nikaona kitu. Kuni zake kazipanga pale pale kwenye lango la mbao. Moto karibu na mbao za kale! Watoto wamejaa! Mkuu wa zimamoto ni mcha Mungu kama mimi. Nimeshaulizia anapokaa.