Samadi ya Knutson na Harusi ya Binti Yangu

Jumatatu, 2 Juni

Harufu tena! Knutson, jirani yangu mfuga ng'ombe, amemwaga samadi ya maji shamba zima na upepo umeniletea mimi. Nimefunga madirisha yote kumi na moja. Imepenya vilevile. Nilihama Chicago nije kupumua, sasa napumua kwa mdomo. Na Jumamosi ya tarehe 14 Meredith, binti yangu wa pekee, anaolewa bustanini kwangu! Wageni tisini. Gwen, mke wangu, anasema nivuke barabara nikamwombe Knutson asimwage siku hiyo. Nimwombe! Mimi, meneja mstaafu wa bima, nimpigie magoti mtu mwenye matope hadi magotini? Namshtaki.

Jumatano, 4 Juni

Ofisi ya kaunti. Nimepeleka malalamiko ya kurasa sita, pamoja na ramani ya upepo niliyoichora mwenyewe. Bibi Ostrander, afisa wa kilimo, kasoma ukurasa mmoja. Akasema kuna sheria ndogo ya kulinda mashamba: shamba likitangulia, jirani aliyekuja baadaye halalamikii harufu, kelele wala vumbi. Knutson yuko pale tangu enzi za babu yake. Nikasema sheria hiyo sikuambiwa. Akafungua faili, akatoa karatasi niliyotia saini siku ya kununua nyumba. "Nimesoma na nimekubali." Saini yangu, na ule mkia wake mrefu! Siku ile nilikuwa na haraka ya kuiona baraza.

Nimepandwa na hasira hadi masikio yakawaka. Nikang'ang'ania: basi iwepo ratiba ya maandishi, mtu asimwage anavyojisikia! Amekubali, mradi Knutson aridhie. Ikishapigwa muhuri haibadiliki msimu mzima. Nimeshinda!

Jumatatu, 9 Juni

Ratiba imefika. Samadi itamwagwa kila Jumamosi ya pili ya mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi. Nimehesabu kwenye kalenda mara nne. Jumamosi ya pili ni tarehe 14!

Nimevuka barabara mbio na viatu vya ndani. Knutson alikuwa zizini anakunywa kahawa, bila haraka yoyote. Akanieleza kwamba watu wa hapa wakiwa na shughuli huleta pai na kutaja tarehe, naye huacha. Mwaka jana aliacha wiki nzima kwa ajili ya msiba.

"Ungeniambia tu, Bwana Pruitt," akasema. "Sasa iko kwenye karatasi. Umeitaka mwenyewe, na mimi faini sitaki."

Mkewe, Darlene, akauliza gauni la bibi harusi likoje. Huruma yake inaniudhi kuliko samadi.

Jumatano, 11 Juni

Nimempelekea Bibi Ostrander pai ya cheri ili abadilishe tarehe. Ameisukuma kwa kalamu, akasema hiyo ni rushwa. Kwa Knutson pai ni ujirani, kwake ni kosa la jinai! Nimeila yote garini, kwa hasira.

Meredith amepiga simu. Hakulia. Bora angelia.

"Baba, nilikuomba kitu kimoja tu. Bustani."

Darlene ameshampa ghala lao la nyasi, lililo juu kilimani, upepo unakotokea. Meredith amekubali. Binti yangu anaolewa kwa Knutson!

Jumapili, 15 Juni

Siku ya Akina Baba. Harusi ilifana, nakiri. Juu kule hakuna aliyenusa chochote. Ng'ombe mmoja yumo katika picha zote za familia, kasimama pale nilipopaswa kusimama mimi. Meredith alinishika mkono tukaingia pamoja, nikatokwa na machozi, nikasingizia vumbi la nyasi. Knutson alipigiwa makofi mara tatu. Mimi mara moja.

Gwen anataka kesho nipeleke pai na shukrani. Nimeahidi.

Lakini nimekumbuka kitu. Sheria inalinda kilimo. Harusi si kilimo! Ngoma ile ilisikika hadi barabarani. Knutson amepatikana!

Nimeshajaza fomu. Waliopiga kelele: Knutson, bendi, bibi harusi. Je, mlalamikaji alikuwepo? Ndiyo, alicheza. Nimetia saini, na mkia wake. Nyuma ya karatasi kuna maandishi madogo madogo. Nitayasoma nikipata nafasi.