Ombi la Kusogeza Mpaka wa Texas Maili Mia Tano

Kwa Mheshimiwa Mbunge wa eneo letu,

Mimi ni Milton Hruska, mfugaji. Nimekupigia kura mara tatu, kwa hiyo nakulalamikia bila woga. Binti yangu Josie ana miaka kumi na tano. Alipozaliwa sote tulidhani ni mvulana. Sheria yenu imemkataza daktari wake kumtibu kwa homoni za kike. Malalamiko yangu ni haya:

1. Daktari tuliyempata sasa yuko New Mexico, mwendo wa saa tisa kwa gari. Ng'ombe wangu akiugua, daktari hufika mpaka zizini, na hakuna mbunge anayemhoji ng'ombe.

2. Mimi mwenyewe nimeandikiwa homoni za kiume, maana umri umesonga. Mfamasia alinipa huku akinikonyeza. Josie akaniuliza, "Kwa hiyo baba, zako za Mungu, zangu za shetani?" Naomba ofisi yako inisaidie kumjibu.

3. Afisa wa watoto alikuja kuchunguza kama tunamtesa. Alimkuta anacheka na bibi yake jikoni, akala maandazi yetu matano, akasema, "Mtoto ana furaha mno. Hapo ndipo penye wasiwasi." Tangu hapo tunafanya mazoezi ya huzuni kila jioni. Josie anafeli. Huzuni yenyewe aliimaliza kabla ya kutibiwa, miezi minane asitoke chumbani. Wakati huo hakuja afisa yeyote.

Kwa hiyo naomba msogeze mpaka maili mia tano, upite katikati ya nyumba yangu. Kitanda cha Josie kiwe New Mexico. Changu kibaki Texas, niendelee kukupigia kura. Nguzo za uzio nitatoa mimi.

Wasalimie mama watoto, makarani wako, na yule afisa. Mwambie maandazi yapo.

Wako mtiifu,
Milton Hruska

N.B. Mpaka uacheni ulipo. Mama yangu Vlasta, aliyekichagua chama chako tangu ujana wake, aliikuta barua hii mezani kabla sijaituma. Akasema, "Mjinga wewe! Mpaka hauna miguu, sisi tunayo." Ng'ombe tumeuza. Naimalizia barua juu ya boneti la gari, upande wa pili wa mpaka. Mama ana miaka themanini na moja, na kaburi la baba tumeliacha huko. Alilia njia nzima. Tulipovuka akajifuta uso, akamgeukia Josie: "Haya, mjukuu wangu, umeshakula?"