Gari Letu Laenda Darasani

Jumatatu, 9 Mei 2016

Aibu! Gari letu limetaka kumgonga askari.

Halikumgonga. Lilimsogelea tu. Papa alisimama mbele ya kamba ya barieri, kizuizi cha askari, njia ya Ngezi hapa Bunia, freni (breki) ameikanyaga nusu kama kawaida yake. Gari likatetemeka, kisha likaruka mbele lenyewe. Askari akaruka nyuma, akashika bunduki. Watu wa hapa wanajua kunyamaza haraka, hata sasa kukiwa na amani. Halafu askari akainama dirishani, akamwambia Papa kwamba motuka yake, yaani gari, aifunge kamba kama mbuzi. Wenye moto, zile pikipiki za abiria, wote wakacheka.

Ni gari dogo jeupe, la otomatiki, limetoka Ujapani. Kioo chake kinaandika Kijapani. Papa ameendesha malori ya vitesi (gia) vya mkono tangu ujana, na anasema gari lisilo na pedali ya tatu, ya klachi, ni kitanda chenye magurudumu.

Jumamosi binamu yangu Christella anaolewa. Gari letu ndilo litakalombeba. Papa ametangaza mezani: likitetemeka mbele ya wakwe, linauzwa.

Mama alijisugua nyonga. Mwaka jana alianguka kutoka kwenye moto ya abiria akienda kuuza vitenge soko la Mudzipela, na nyonga haijapona. Gari likiuzwa, Mama anarudi kwenye moto.

Haliuzwi. Mimi Scholastique, mwaka wa tano wa pedagogia, masomo ya ualimu, nimeapa.

Jumanne, 10 Mei

Baada ya masomo nimekwenda cyber, kwenye kompyuta za intaneti. Nimesoma Kifaransa kigumu mpaka macho yameuma. Lakini nimeelewa!

Ndani ya bwati ya vitesi, yaani giaboksi, mna ambreyaji (klachi) mbili. Moja ikishika kitesi kimoja, nyingine inakuwa tayari na kinachofuata, zinapokezana. Gari la namna hii linachukia kujikokota huku freni imekanyagwa nusu. Ambreyaji zinasuguana, zinapata moto, gari linatetemeka. Na kubwa kuliko yote: bwati inajifunza! Inashika tabia za anayeendesha.

Nilikaa nikiitazama kompyuta mpaka mwenye cyber akauliza kama nimefiwa.

Inajifunza! Basi gari si bovu. Ni mwanafunzi. Mwalimu wake ndiye mbaya. (Papa.)

Nimemweleza Débora, jirani yetu, ambaye yuko darasa moja nami. Kosa. Amecheka mpaka ameketi chini. Amesema: "Gari yenu iko na malaria, Schola. Mupeleke kwa infirmier apige sindano, si kwa mwalimu." Baba yake, Papa Hippolyte, ana jeep nyeupe ya vitesi vya mkono, na ameshaiosha kwa ajili ya Jumamosi, eti kama letu likishindwa. Mtoto wa mwenye gari ndiye anayekaa mbele na maua ya bibi-arusi. Débora ameshachagua viatu.

Jumatano, 11 Mei

Nimemshauri Papa kwa adabu aachie freni yote au aikanyage yote. Ameniuliza mbele ya wageni: "Weye mutoto, ni weye ulinifundishaka kuendesha?" Wageni wamefurahi sana.

Sawa. Didaktiki, somo letu la namna ya kufundisha, inasema mwanafunzi mgumu hashambuliwi uso kwa uso. Ahamasishwe.

Saa ya kurudi kutoka shuleni, Papa alianza kujikokota nyuma ya wauza ndizi pale soko la Mudzipela. Gari likaanza homa yake. Nikapiga kelele kwamba tumbo linanikata na sitafika nyumbani. Papa akakanyaga mafuta. Ajabu! Gari liliteleza kama maji. Mashimo yote tuliyapata, hakuna hata moja tulilolikosa, lakini kutetemeka? Hakuna!

Jumanne nilikuwa mwanafunzi wa ufundi. Leo ni mtaalamu.

Alhamisi, 12 Mei

Nimeumwa tumbo asubuhi kwenye barieri. Nimeumwa tumbo mchana mbele ya shule. Nimeumwa tumbo nyuma ya ng'ombe wa watu, waliokuwa wakivuka polepole mno. Kila mara gari limekwenda vizuri. Bwati inajifunza!

Jioni Mama amenipeleka kwenye kituo cha afya. Sikuweza kueleza bila kumtaja Papa. Nimepewa vidonge vya minyoo, dawa chungu ya maji, na amri ya kutokula maembe. Débora alikuwa akipita. Ameuliza kwa sauti kubwa: "Kumbe malaria ya gari iko naambukizaka?"

Sitajibu. Nina heshima yangu. Pia nilikuwa nakimbilia chooni, safari hii kweli.

Ijumaa, 13 Mei

Siku kubwa!

Mama, bila kumwambia Papa, amemwita fundi Constant. Amebadilisha mafuta ya bwati, akaunganisha kompyuta ndogo, akaifanya bwati isahau mambo yote ya zamani. Amemwambia Mama kwamba sasa itajifunza upya, hivyo iendeshwe taratibu kwenye njia iliyo wazi, na isikokotwe. Mama amemuuliza mara mbili kuhusu freni. Sijui kwa nini. Zamani kule Mahagi, kabla ya ndoa, Mama aliendesha pick-up ya masista, lakini Papa anasema njia za Bunia zinataka mwanamume.

Mimi nimesikia neno moja tu: imesahau. Kichwa kitupu! Mwanafunzi wa siku ya kwanza! Na mwalimu nani?

Nimefikiri kwa makini. Mwanafunzi huzoezwa kile atakachoulizwa kwenye mtihani. Mtihani wa kesho ni nini? Kutembea polepole nyuma ya fanfare, bendi ya tarumbeta. Basi azoezwe polepole. Cyber walisema vingine, lakini cyber hawakualikwa arusini.

Wazazi walikwenda kwa akina Christella kupanga viti. Ufunguo ulikuwa msumarini. Nimeandika fishi ya somo, mpango wa kufundishia, kwa mwandiko mzuri. Kichwa: Kutembea kwa Heshima. Nimeanza na uhamasishaji: nimelieleza gari habari za bibi-arusi. Kisha mazoezi uani. Kutoka jikoni mpaka chooni mbele, kutoka chooni mpaka jikoni nyuma, freni nusu, alasiri nzima. Lilitetemeka sana. Sikulikaripia. Mwishoni lilitoa harufu ya maharage yaliyoungua na kuwasha taa ya njano yenye sentensi ya Kijapani. Nadhani lilikuwa na swali.

Nguzo ya jikoni imeinama. Ilikuwa karibu kuinama tangu zamani.

Jumamosi, 14 Mei

Naandika hata gauni la arusi sijalivua!

Tulitoka kanisani. Christella na bwana wake nyuma, mimi mbele na maua, Papa kwenye usukani. Fanfare ikaanza, wachezaji wakaanza, Papa akaachia freni nusu. Msiba! Gari lilitetemeka vibaya kuliko siku zote. Shela ikamwangukia Christella machoni. Maua yakatoka mkononi mwangu. Wakwe wakatazamana. Papa Hippolyte akapaza sauti kwamba jeep yake haijawahi kujua malaria, na Débora alikuwa ameshaketi mbele ndani yake, na maua sijui ya nani.

Papa akashuka. Akaweka ufunguo juu ya paa, akasema bibi-arusi ahamishwe na gari liuzwe, hata leo.

Mama akauchukua ufunguo.

Alivua viatu vyake virefu, akampa Papa avishike. Akaketi. Akakanyaga freni mpaka mwisho. Fanfare ikaondoka, wachezaji wakaondoka, sisi tumesimama tu. Watu wakadhani limezimika. Mama akangoja mpaka fanfare ikafika konani. Ndipo akaachia freni yote, akatia mafuta kidogo.

Likateleza! Likawafikia. Mama akasimama kabisa, akangoja tena. Watu wakapata nafasi ya kulizunguka gari, kucheza, kumpepea bibi-arusi kwa vitambaa. Fanfare ikaenda, akateleza tena. Kwenye kona ya pili vigelegele vilikuwa vikitungojea. Shangazi wa bwana-arusi akaja dirishani kuuliza kama hiyo ndiyo staili mpya ya Bunia. Mama akajibu: "Ndiyo, mama. Hamukusikiaka?"

Papa alitembea kando mpaka ukumbini, viatu vya Mama mkononi.

Nyuma, Papa Hippolyte alijikokota kwa ambreyaji nusu njia nzima. Kwenye mlima jeep ikatoa moshi na kugoma. Débora alifika kwa miguu, na viatu vyake vipya havikuwa vya miguu.

Nimelipapasa gari letu. Limefaulu! Somo moja tu!

Jumapili, 15 Mei

Gari haliuzwi. Papa amesema tangu mwanzo alikuwa anampima Mama. Mama amecheka mpaka ameshika nyonga.

Constant amepita kuliangalia. Ameuliza ni nani aliyelikokota, kwa sababu ambreyaji zilikuwa karibu kuungua, na alasiri moja nyingine kama hiyo ingeliua. Mama akaitazama nguzo ya jikoni. Kisha akanitazama mimi. Nimeeleza kwamba mwanafunzi mwenye bidii hutoka jasho.

Ufunguo sasa unalala ndani ya blauzi ya Mama. Sina kinyongo. Mwalimu hashukuriwi siku ya mtihani.

Jumatatu, 16 Mei

Mama amekwenda Mudzipela kwa gari, vitenge nyuma, Papa kando akikanyaga pedali ambayo haipo. Kwenye barieri askari yuleyule amesalimia: "Mbote, Mama," na amefungua kamba.

Jioni Débora amekuja kwa unyenyekevu. Jeep yao inawaka lakini haina nguvu, na baba yake amekwenda Aveba mpaka Alhamisi. Ameuliza nilifanyaje. Hatimaye!

Nimekubali kumfundisha mwanafunzi mpya. Fishi iko tayari, kichwa ni kilekile. Débora ataleta ufunguo kesho. Ua wao si tambarare kama wetu. Unateremka moja kwa moja mpaka ukuta wa nyumba ya mchungaji wa kanisa.

Haidhuru. Mteremko utatusaidia.