Mkunjo wa Ipyana

Jumatatu, 8 Julai
Leo wamegawa vitu vya kaka Ipyana. Mashati huku, suruali kule. Mimi nimeomba kimoja tu: riwaya ya mazombi aliyoinunua Tunduma. Tulikuwa tunasomeana, sura yake, sura yangu, mpaka pikipiki ilipomuua. Tulipoishia alikunja kona ya ukurasa. Mkunjo mkubwa, wa haraka haraka, wa kwake. Basi shangazi Sekela akaona jalada. Maiti anatoka kaburini! Akasema nyumba ya msiba haikai na kitabu cha hivyo, kesho kinachomwa. Nimelia mpaka pua imeziba. Halafu nikapata wazo.

Jumanne, 9 Julai
Wazo la kitaalamu! Shangazi akiwa shambani, nimebandua jalada la zombi na jalada la kitabu chake cha nyimbo. Nikayabadilisha. Gundi: uji wa ngano. Aliporudi akatia "zombi" motoni huku akikemea kwa jina la Yesu. Nyimbo zote zikateketea. Mimi pembeni, uso wa huzuni. Nikakimbilia kitandani, nilikokificha chetu, kusoma. Kitabu hakuna! Shangazi alikuwa amekikuta, akauliza nani kamruhusu mtoto kulala na kitabu chake cha nyimbo. Amekifungia sandukuni. Hilo sikulipanga.

Jumapili, 14 Julai
Kanisani shangazi ndiye husoma ubeti kwanza, ili wasio na vitabu wafuate. Akasimama. Kitabu kikafunguka chenyewe penye mkunjo. Akasoma, kwa sauti yake ile ile ya kila Jumapili, kwamba mkono uliooza ulibisha mlango. Bibi Enesi akaitikia amina. Nikacheka! Mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha kicheko kikageuka kilio, ikabidi nitolewe nje.

Jumatatu, 15 Julai
Nimevaa suruali mbili chini ya sketi, tayari kwa fimbo. Fimbo haikuja. Nimemkuta shangazi nyuma ya jiko, anasoma. Akaniuliza kwa nini huyu Kasiani wa kwenye riwaya anamfungulia mlango mama yake aliyeoza. Nikamwambia anajua ameoza, ila amemkumbuka mno. Shangazi akasema hata yeye angemfungulia Ipyana. Tukalia wote wawili. Tukasoma, sura yake, sura yangu. Nilikuwa na furaha kabisa. Tulipomaliza akarudi kwenye ule ukurasa, akaunyoosha kwa kiganja, taratibu, akisema vitabu havikunjwi. Basi. Nimeukunja upya mara nyingi. Unakuwa mkunjo wangu tu.

Jumanne, 16 Julai
Sijala. Jioni nimesikia baba mdogo Amoni anakuja Jumamosi kuchukua baiskeli ya Ipyana. Kiti bado kiko juu, pale pale alipokiweka Ipyana kwa miguu yake mirefu. Amoni ni mfupi. Atakishusha! Lakini Ijumaa mzee wa kanisa Sadoki anakuja kutuombea, na huja na baiskeli. Maombi yake ni marefu. Akifumba macho tu, nachomoa kiti chake kiwe cha baiskeli ya Ipyana, Amoni asijue. Cha Ipyana nakichomoa, nakificha chini ya kitanda changu. Huko hakuna atakayeweza kukishusha.