Soketi ya Barazani Haikufa, Iliuawa

Jumanne, 2 Desemba

Soketi ya barazani haina umeme. Mke wangu Vaileth anasema imekufa. Nimemsahihisha. Vitu havifi vyenyewe. Taa zote zinawaka, friji inaunguruma, imenyamaza soketi moja tu: ile ambayo Jumapili, kwenye kipaimara cha binti yetu Naserian, itawasha spika. Na kwenye spika hiyo nitasoma hotuba. Kurasa kumi na nne, juu ya malezi, ardhi na unafiki. Nani asingependa isikike?

Nimechungulia juu ya uzio. Jirani yetu Sadoki alikuwa anamwagilia migomba. Mvua imenyesha tangu asubuhi. Anamwagilia nini?

Jumatano, 3 Desemba

Nimenunua testa. Nimeichomeka kwenye kila tundu la soketi ya barazani. Giza. Nimeijaribu jikoni: ikawaka, na Vaileth akaniomba niache kabla hajawa mjane. Nikahamia kwenye meni swichi. Swichi ya barazani iko juu kama zingine. Nimeishusha, nimeipandisha, nimeishusha. Naserian, aliyekuwa anapiga pasi, akauliza Baba unagombana na nani humo. Nikamjibu bado nachunguza.

Nimeandika kwenye grupu la mtaa: umeme haukatiki, umeme hukatwa, kila mkato una mkataji. Sikumtaja Sadoki. Nilisema tu "jirani mmoja mwenye migomba". Amejibu kwa kidole gumba. Ni dharau au ni kukiri?

Alhamisi, 4 Desemba

Sadoki amekuja. Ana ukoo na mke wangu, kwa hiyo huniita shemeji, na leo ameniita hivyo mara tatu kabla hajaketi. Dalili mbaya. Anao waya mrefu, ataupitisha juu ya uzio, tuchomeke spika kwake, shemeji, tusherehekee. Nimekataa. Mwenye plagi ndiye mwenye maikrofoni. Historia ya dunia nzima ni hiyo. Vaileth akadakia kwamba historia ya dunia nzima haikualikwa Jumapili, walioalikwa ni wageni wake, na wanataka muziki.

Jioni nimemwaga majivu chini ya soketi. Atakayekuja kuichezea ataacha nyayo.

Ijumaa, 5 Desemba

Nyayo zipo! Kandambili, kisigino cha kulia kimelika. Nimezifuata kwa makini. Zinatoka mlangoni kwangu, zinafika kwenye soketi, zinarudi mlangoni kwangu. Naserian anasema ni zangu, nilipotoka asubuhi kukagua majivu. Inawezekana. Lakini adui mwenye akili angevaa kandambili kama zangu.

Vaileth amemwita fundi wa umeme, kijana mmoja wa hapa hapa Sakina anayeitwa Lucky. Nimeuliza namba yake ameipata kwa nani. Kwa Sadoki. Nimemruhusu Lucky kufika barazani tu. Sebuleni, marufuku.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimekwenda Tengeru kununua ndizi za sherehe. Nimerudi nikamkuta Lucky sebuleni. Vaileth kamwingiza. Barua yangu kwa mhariri, ile iliyochapishwa gazetini, niliyoitia fremu na kuitundika Jumatatu, ilikuwa imelazwa kwenye kochi kama mgonjwa. Lucky alikuwa ameshika msumari wa inchi nne. Kumbe ukuta ule, upande wake wa pili, ndio wa barazani, na msumari ulipita katikati ya waya wa soketi. Akaniuliza, mzee, ulikuwa unatundika barua au unaangusha nyumba?

Soketi sasa inafanya kazi. Nimelitaarifu grupu: waya wa barazani ulikatika, umeshatengenezwa. Vaileth, aliyekuwa anasoma begani kwangu, akauliza ulikatika au ulikatwa. Nimemwambia huu si wakati wa sarufi. Akasema basi uwe wakati wa kumwomba Sadoki radhi. Nimemwambia nitalifikiria baada ya hotuba.

Sadoki ameweka kidole gumba kingine.

Jumapili, 7 Desemba

Asubuhi Naserian aliniomba nisome ukurasa mmoja tu, tafadhali Baba, na wenzangu watakuwepo. Nilimweleza kwa upole kwamba ukweli haupunguzwi.

Spika ilipiga muziki mchana kutwa bila kukwama. Nikapokea maikrofoni. Nilipogeuza ukurasa wa pili, kimya. Wageni wakadhani nimemaliza. Wakashangilia kuliko nilivyotarajia, wakaenda kwenye nyama. Lucky, aliyekuwa mbele ya foleni, alikagua akiwa na sahani mkononi: soketi ni nzima, imezimwa tu kwenye swichi yake. Imezimwa. Na mtu.

Naserian, maskini, ndiye aliyekuwa amesimama karibu nayo. Alishtuka hata akashindwa kunitazama. Sadoki alikuwa upande wa pili wa uwanja, mikono yake yote miwili juu ya meza, mbele ya kila mtu. Asiye na hatia ana haja gani ya kuonyesha mikono yote miwili?