Naomba Likizo Kama ya Mashine

Hyderabad, 3 Novemba.
Mwezi wa kumi na tisa tangu nitoke kwetu Gumla.

Kwa Mheshimiwa Bwana Venkatramana, Msimamizi wa Vibarua,

Baada ya heshima zangu zote, mimi Mangra Oraon, mbeba kompyuta wa chumba cha majaribio, naleta malalamiko. Niliomba siku kumi na mbili nikamvunie mpunga mama yangu, ambaye mgongo wake umekataa kuinama. Ukanijibu kwa upole wako kwamba niende tu, ila nikirudi nisishangae kukuta mtu mahali pangu. Basi naomba nihesabiwe kuwa mashine.

1. Dada Sravanthi, fundi wa programu, hunieleza kazi yake ninapongoja kubeba. Ndani ya kompyuta moja ya chuma huishi nyingine nyingi zisizo na mwili, kama sisi wanane katika chumba kimoja. Mwenye nyumba, yaani ile ya chuma, huzipunguzia na kuziongezea kumbukumbu apendavyo. Lakini mashine ikiruhusiwa kulala ule usingizi mrefu, kiendeshi chake, yaani kijiprogramu kinachotoa na kuongeza, hukatazwa kuigusa kumbukumbu hiyo. Hakitoi, hakiongezi. Ikiamka inakuta kila kitu pale pale. Mimi niliishia darasa la sita, lakini hiyo naijua ni likizo.

2. Zamani swali la nani anaruhusiwa kulala liliulizwa kwa mashine zenye kichakataji cha aina moja tu. Za aina ya pili zilijibiwa hapana kabla hata ya kuuliza. Nikamwambia Dada kwamba nazifahamu hizo aina: ya kwanza ni wenye ajira ya kudumu, ya pili ni sisi. Alicheka hadi akaiweka chai chini. "Kaka Mangra, ndiyo maana nimelihamisha swali," akasema. "Sasa linaulizwa mahali pamoja, kwa wote."

3. Mashine moja ilipogoma kuamka, watu tisa walifanya kikao kuulizana wamekosea wapi. Nilipolazwa kwa homa ya dengi, ulimtuma mtu mmoja, naye alikuja kuchukua kitambulisho changu.

4. Naomba swali langu nalo lihamishwe. Dada anasema mistari kumi ya programu inatosha.

Nisalimie mama watoto wako, na wapishi wa kantini, na wote wenye ajira ya kudumu wakiamka.

Wako mtiifu, nisiye na kichakataji,
Mangra Oraon

Nyongeza: Somra, aliyekwenda kumzika baba yake nami nikapewa nafasi yake, amerudi na anakungoja langoni. Tafadhali mwambie pamejaa. Asiwekwe mahali pangu hata kwa siku moja. Treni yangu ya kurudi inafika tarehe 18 alfajiri.